Nyota Akipita, Mwananchi Asisukumwe

Kila ufikapo mwezi wa Agosti, nchi yetu huingia katika msimu ambao haumo katika kalenda ya Serikali, lakini ambao huwatoa watu majumbani mwao katika kila mkoa. Klabu ya Simba ilianzisha siku yake mwaka 2009, ikazoeleka kufanywa Agosti 8 au karibu na tarehe hiyo. Watani wao, Yanga, wakaanzisha Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Washabiki hukusanyika Dar es Salaam katika uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000. Hawaendi huko kwa ajili ya pointi wala kombe, bali kuonyeshwa wachezaji wao, kuwasikiliza wasanii wao na kuonana wao kwa wao. Kwa lugha nyepesi, huo ni mkutano mkuu wa washabiki.

Wapo wakubwa wanaouona mkutano wa namna hiyo kuwa ni upuuzi wa vijana. Sisi hatukubaliani nao. Jambo linalomtoa mkulima shambani na kumvusha nusu ya nchi ni jambo la jamii, na kila jambo la jamii lina siasa yake. Leo tunataka kulitazama jambo moja tu katika mengi yanayotokea pembezoni mwa mikusanyiko hiyo, nalo ni kule kukutana kwa bahati baina ya mwananchi wa kawaida na mtu mashuhuri, iwe njiani, stesheni, kwenye mgahawa au msikitini. Namna tunavyokutana na watu mashuhuri, na namna viongozi wetu wanavyotukutanisha au kututenganisha nao, ni kipimo cha usawa tunaouhubiri majukwaani.

Tuchukue mfano wa mshabiki wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Mtu huyu akitaka kufika Dar es Salaam ana safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Atapanda treni ya tawi la Mpanda hadi Kaliua, njia ya kilomita zipatazo 210 ambayo mkoloni aliijenga kwa ajili ya kusomba madini ya risasi wala si kwa ajili ya kuwasafirisha Waafrika. Kisha ataunga Reli ya Kati. Au atapanda basi kwa barabara ya Koga na Sikonge hadi Tabora, na kutoka hapo aendelee. Nauli ameipata kwa kuuza mpunga au tumbaku. Atalala kwa ndugu, au kwa ndugu wa ndugu, au kwenye benchi la kituo cha mabasi akiwa ameikumbatia jezi yake.

Mtu huyo akirudi Makanyagio au Kashaulili, majirani watamkusanyikia. Sikilizeni anachosimulia. Mabao atayataja kwa haraka, kwani majirani wameyaona katika televisheni. Atakachokirefusha ni habari ya kukutana: kwamba alipokuwa akinunua maji ya kunywa aligeuka akamwona fulani amesimama nyuma yake kwenye foleni, kwamba fulani alimsalimu kwanza, kwamba ni mfupi kuliko anavyoonekana katika picha. Habari hiyo itadumu mwaka mzima, na kila ikisimuliwa foleni itazidi kuwa ndefu na maamkizi yatazidi kuwa mengi. Tucheke, lakini tusidharau. Mtu huyo amekwenda kutafuta uthibitisho kwamba yeye na yule anayemshangilia ni watu wa nchi moja.

Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akauliza, Mpanda inamhusu nini? Inamhusu sana. Mwaka 2017 mbio za Mwenge wa Uhuru zilizinduliwa Mpanda, katika uwanja wa Kashaulili, na aliyezizindua alikuwa mtoto wa Visiwani, Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais. Mwenge huo ulizunguka nchi nzima, ukaja kuhitimishwa Oktoba 14 katika uwanja wa Amaan, mjini Unguja, mbele ya Rais John Magufuli. Kwa hiyo watu wa Katavi na watu wa Visiwani wamekwisha kushikana mikono kwa mwenge mmoja. Tena wanafanana kwa hali. Katavi iko mwisho wa reli, na Visiwa vimezungukwa na bahari. Wote wawili wanajua maana ya kuambiwa kwamba jambo kubwa linafanyika, lakini si kwenu.

Ndani ya Visiwa vyenyewe mfano huo upo pia, maana Pemba kwa Unguja ni kama Katavi kwa Dar es Salaam. Kwa miaka mingi Kombe la Mapinduzi lilikuwa ni shughuli ya Amaan, na Mpemba aliyetaka kulishuhudia alipanda meli. Januari 2025 mashindano hayo yalipelekwa Gombani, yakachezwa na timu za taifa, na Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 1 katika mchezo wa fainali. Mwenye kutaka kujua faida ya kupeleka mkusanyiko kwa watu, badala ya kungoja watu waufuate mkusanyiko, na awaulize wenyeji wa Chake Chake. Safari hii wageni walikuwa ni wale mashuhuri, na mwenyeji alikuwa ni muuza urojo.

Upande wa magharibi nao ulipata bahati hiyo. Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa katika uwanja wa Lake Tanganyika, mjini Kigoma, na wakutanao walikuwa ni Simba na Yanga wenyewe. Simba walishinda kwa bao 1 kwa bila, bao la Taddeo Lwanga. Hayo yamo katika vitabu. Yasiyomo vitabuni ni yale wanayoyasimulia watu wa Mpanda waliofunga safari kwa njia ya Uvinza, katikati ya vumbi la kiangazi, kwenda kuziona timu ambazo baba zao walizisikia redioni tu. Kigoma haikuwa na vitanda vya kuwatosha wote. Watu walijipanga kama viboko wa mto Katuma wakati maji yanapopungua, kila mmoja akiridhika na nafasi ya ubavu mmoja.

Dereva mmoja mstaafu wa Mpanda husimulia kwamba alfajiri moja ya safari ile aliingia msikitini kuswali. Penye mabomba ya kutawadhia alikuwapo kijana mrefu aliyekuwa akihangaika kukunja suruali, naye mzee akamshikia kofia. Waliingia wakasimama safu moja, bega kwa bega. Baada ya kutoa salamu ndipo watoto waliokuwa mlangoni walipoanza kunong'ona, na mzee akatambua kwamba aliyemshikia kofia ni mchezaji ambaye picha yake imebandikwa katika kibanda cha kinyozi wake. Hawakupiga picha. Kijana alimwamkia, "Shikamoo, mzee wangu," akapokea kofia yake, akaondoka. Mzee yule ni wa upande wa pili wa ushabiki, na mpaka leo anaombea timu ya kijana yule ifungwe. Lakini kijana mwenyewe humwombea kheri.

Kisa hiki ni kidogo, na udogo wake ndio fadhila yake. Hakuna aliyekipanga, hakuna aliyelipa kiingilio, wala hapakuwa na kamba iliyofungwa baina ya watu wawili wale. Mkubwa alipata heshima ya umri wake na mashuhuri alipata utulivu wake. Hivyo ndivyo tunavyopenda watu wa nchi moja wakutane.

Sisi wa Visiwani tuna ushahidi wa zamani zaidi. Mji Mkongwe una vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Tamasha la Sauti za Busara lilipoanza mwaka 2004, na kabla yake Tamasha la Filamu la mwaka 1998, wageni wenye majina walijikuta hawana budi kuteremka na kwenda kwa miguu kama wengine. Mwanamuziki aliyeshangiliwa usiku ndani ya Ngome Kongwe, asubuhi yake hujibana ukutani kumpisha hamali na mzigo wake, tena huamkiwa na wazee walioketi barazani bila ya kujua yeye ni nani. Wajenzi wa mji ule hawakuwa na nia ya kufundisha usawa, lakini upana wa njia zao unaufundisha kila siku. Bahari nayo ni mwalimu. Mkondo wa Nungwi haumjui mwenye jina na asiye na jina. Meli ikianza kuyumba, wote huomba mfuko kwa sauti moja.

Tena tumepata kuwa na nyota aliyeijua dunia, na bado akabaki kuwa bibi wa mtaani. Marehemu Fatuma binti Baraka, maarufu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 17, 2013, alitunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, tuzo ya heshima katika muziki wa ulimwengu. Wageni walivuka bahari kumtafuta. Lakini watu wa Ng'ambo walikutana naye njiani kama walivyokutana na bibi mwingine yeyote, wakasalimiana, wakataniana, kila mtu akaendelea na haja zake. Umaarufu wake haukumpunguzia mtu hadhi, na ujirani wake haukumpunguzia yeye umaarufu.

Basi ugonjwa uko wapi? Ugonjwa uko kwetu sisi tulio baina ya nyota na mwananchi: watendaji, viongozi, wapanga shughuli na walinzi wa milango. Siku hizi mtu mashuhuri akitangazwa kuja, jambo la kwanza linalofikiriwa ni uzio. Ukumbi hugawanywa mara tatu na mara nne; walio karibu ni wale wenye fedha na wenye vyeo pamoja na watoto wao, na washabiki wenyewe, ambao ndio waliomfanya mtu huyo awe mashuhuri, husukumwa nyuma mpaka wasione chochote isipokuwa migongo. Msafara wa magari huwasha ving'ora katika mji ambao hauna msongamano wa kuutawanya. Tunawatia watu hofu ya mtu ambaye wamekuja kumpenda.

Kuna baya zaidi ya hilo. Mwandishi wa safu hii aliwahi kuwapo katika ofisi moja ya umma siku ambayo wasanii walipita mjini wakielekea katika onyesho lao. Juu ya benchi alikuwa ameketi mama mmoja aliyetoka kijijini tangu usiku. Jina lake lilikuwa limekosekana katika daftari la mbolea ya ruzuku, na mvua zilikuwa zimekaribia. Iliposikika kwamba wasanii wamesimama nje kununua vinywaji, ofisi nzima ilibaki tupu kwa kufumba na kufumbua. Watumishi walirudi wakicheka, kila mmoja akimwonyesha mwenzake picha katika simu yake. Mama yule akaambiwa kwamba muda umekwisha, arudi Jumatatu. Nauli ya Jumatatu hakuna aliyeiuliza. Msanii hakuwa na kosa lolote, kwani yeye alikuwa na kiu tu. Kosa lilikuwa la waliomwona mwenye jina wakasahau mwenye haki.

Waliopita chuoni wanaikumbuka Sura ya Abasa na sababu ya kushuka kwake. Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa katika mazungumzo na wakubwa wa Makureshi, akitaraji waongoke na wengi wawafuate. Akatokea mtu kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, akitaka kufundishwa. Kuja kwake kulikata mazungumzo, uso wa Mtume ukakunjamana, naye akageuka upande. Hapo ukashuka wahyi wa kumzindua: kwamba aliyekuja mwenyewe kwa hamu na khofu ya Mungu ndiye mwenye kustahiki kusikilizwa, na wale waliojiona wamejitosheleza hawakuwa na haki ya kutangulizwa. Tangu hapo Mtume alikuwa akimkirimu kipofu yule. Akawa mwadhini, na mara kadhaa akaachiwa Madina kuisimamia. Ikiwa aya zilishuka kwa sababu ya uso uliokunjwa mbele ya mtu asiyeweza hata kuuona, itakuwaje kwa ofisi nzima iliyomwacha mama juu ya benchi akiona kila kitu?

Na kwa wale wanaopenda kusikia neno la Chama, neno hilo limekwisha kusemwa zamani. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, ulikemea kiburi, anasa na tabia ya viongozi kuwadharau na kuwaonea watu. Miaka minne kabla yake, Oktoba 1967, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Katika njia ile mchungaji wa ng'ombe na muuza samaki walikutana na Rais wao pembeni mwa barabara, jasho likimtoka kama linavyowatoka wao. Vizazi vya leo vinasoma Mwongozo katika semina, kisha vinatoka nje ya semina na kufunga kamba.

Mwalimu huyo huyo alitufundisha pia mpaka wa mapenzi. Februari 1980, Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma Muhammad Ali katika nchi kadhaa za Afrika, aje kuzishawishi zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Tangu pambano lake la Kinshasa mwaka 1974, Afrika haikuwa na mwanamichezo wa kigeni iliyempenda kuliko Ali. Hata hivyo Mwalimu hakukubali kuonana naye. Nchi hii ilikuwa imesusia Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 pamoja na Waafrika wengine, kwa sababu ya uhusiano wa New Zealand na Afrika Kusini ya makaburu katika mchezo wa raga, na Marekani haikutuunga mkono. Haikuwa haki tena sera ya taifa igeuzwe kwa sababu ya jina la mtu mmoja, hata likipendwa namna gani. Tanzania ilikwenda Moscow, na huko Filbert Bayi akapata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000.

Somo la kisa hicho ni kwamba wananchi walikuwa huru kumpenda Ali njiani na barazani, lakini ofisi ilibaki kuwa ofisi. Leo tumegeuza mambo juu chini. Mwananchi, mwenye haki ya kumpenda nyota, tunamzuia kwa kamba. Na ofisi, yenye wajibu wa kubaki ofisi, ndiyo inayokimbilia picha.

Tutaambiwa, na usalama je? Hoja hiyo ni ya kweli na hatuidharau. Machi 21, 2021, katika uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wananchi waliofika kumuaga Rais Magufuli walikanyagana, na watu 45 wakapoteza maisha. Mapenzi ya umma yasipoandaliwa njia huweza kuua. Lakini maafa yale yanatutaka tupange, hayatutaki tubague. Milango mipana, njia za kuingilia na za kutokea, hesabu ya watu, maji ya kunywa na wahudumu wa afya ni vitu vinavyomlinda kila mtu. Kamba inayomtenga mwenye cheo na asiye na cheo humlinda mwenye cheo peke yake, tena humsukuma asiye na cheo mahali penye msongamano mkubwa zaidi. Usalama wa kweli huanzia kwa aliye nyuma.

Washabiki nao wana fungu lao la lawama, nasi hatutalificha kwa kuwa ndio wasomaji wetu. Kumpenda mtu si kummiliki. Yuko mshabiki anayemfuata mchezaji hadi mlangoni mwa chumba chake cha kulala. Yuko anayemwekea simu mbele ya uso akiwa na kijiko mdomoni. Yuko anayedai picha msibani. Na yuko anayemtukana mama wa mchezaji kwa sababu ya penalti iliyokoswa. Dini imetufundisha kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu, na kurudi kwa moyo mweupe tukiambiwa turudi. Uso wa mtu ni nyumba yake. Mswahili aliyelelewa vizuri hapigi picha ya uso wa mtu kabla hajaupa salamu. Salamu ikijibiwa na mazungumzo yakifuata, hiyo ni bahati; yasipofuata, salamu yenyewe inatosha.

Sasa tuseme tunachotaka kifanyike, maana malalamiko yasiyo na mapendekezo ni kelele za uwanjani.

La kwanza linahusu Shirikisho la Mpira wa Miguu na klabu zetu kubwa. Mwendo wa kuzihamisha fainali ni mwendo mwema. Baada ya Kigoma fainali ilikwenda Arusha mwaka 2022, ikaenda Tanga mwaka 2023, na mwaka 2024 ikaja Amaan, ambako Yanga waliishinda Azam kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 2025 ikaja Amaan tena. Mwendo huo usiishie katika miji yenye bahari na hoteli. Kama viwanja vya Katavi havijafikia kiwango cha fainali, ziko raundi za mwanzo, ziko mechi za kirafiki, ziko siku za klabu zenyewe. Simba na Yanga zina wanachama mpaka vijijini Mlele na ufukweni Karema. Haipendezi michango ya matawi ifike Dar es Salaam kila mwaka, nao wachezaji wasifike Mpanda hata mara moja.

La pili linahusu Serikali za mikoa, za Bara na za Visiwani. Mtu mashuhuri akifika, apokewe na wanaohusika na michezo na utamaduni, na watumishi wengine wabaki mezani kwao. Iwe ni kanuni inayoandikwa na kusimamiwa kwamba hakuna dirisha la huduma litakalofungwa kwa sababu ya ugeni wa burudani. Mkuu wa ofisi atakayetaka kuona kama kanuni inafuatwa asiende uwanjani siku hiyo. Aende akahesabu watu walioketi kwenye mabenchi ya ofisi yake.

La tatu linahusu mashuhuri wenyewe. Hatuwaombi fedha, wala hatuwaombi wawe malaika. Tunawaomba saa moja. Mwanasoka atakayefika mjini kucheza aende kabla ya mchezo katika uwanja wa shule ambao magoli yake ni miti miwili, asimame na watoto bila ya kamera ya mdhamini. Msanii ateremke garini anunue chai kwa mama lishe kama alivyokuwa akinunua kabla hajajulikana. Wengi wao wametoka katika mitaa hiyo hiyo, na saa moja hiyo itafanya kazi ambayo mabango mia ya barabarani hayaiwezi.

La nne linahusu matawi ya washabiki. Tawi lisiwe ni jezi na tarumbeta tu. Tawi linaloweza kukodi basi la kwenda Dar es Salaam linaweza pia kusawazisha kiwanja cha kata yake. Siku nyota akija kwa bahati, na apite penye kiwanja hicho, aone kwamba wanaomshangilia ni watu wenye kazi ya mikono yao.

Haja ya kuyatengeneza mambo haya ni ya sasa. Septemba 2023 nchi yetu pamoja na Kenya na Uganda zilikabidhiwa uenyeji wa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Hiyo ni heshima ambayo Afrika Mashariki haikuwahi kuipata kwa pamoja. Fainali hizo huleta majina ambayo watoto wetu wanayaandika migongoni mwa fulana zao. Tukiyapokea kwa desturi ya kamba na ving'ora, wageni watatujua kwa kamba na ving'ora. Tukiyapokea kwa desturi ya Mji Mkongwe, ambamo kila mtu humpisha mwenye mzigo, watatujua kwa ustaarabu wetu.

Mtu mashuhuri ni kama mwezi. Nuru yake ameiazima kwa wanaomtazama. Wakiondoka hao, hubaki jiwe. Kwa hiyo kila mwenye mamlaka ya kufungua au kufunga lango, kuanzia mlinzi wa uwanja hadi mkuu wa mkoa, na ajiulize amemweka mwananchi upande gani wa lango hilo. Agosti nyingine inakuja, na mkulima wa Mpanda ameanza kuweka akiba ya nauli. Tusimpe sababu ya kurudi nyumbani akisimulia habari za migongo.